Ukumbi Usio na Soketi

Fyuzi aliliona tangazo hilo Jumanne, akiwa amepiga magoti nyuma ya mashine ya gemu iliyogoma kuwaka. Simu ilikuwa sakafuni kando ya bisibisi, naye alikuwa akiipekua kwa kidole kimoja huku mkono wa pili umeshika waya.

"Zinauzwa mashine za gemu, zile za kusimama, kabati la mbao, vitufe vyote vizima. Zote zinawaka. Bei maelewano. Mnunuzi aje mwenyewe, saa kumi na mbili jioni."

Picha ilikuwa moja tu, ya giza, lakini jicho la fundi halihitaji zaidi. Makabati yalikuwa mapana mabegani, ya mbao nzito, yale ya zamani ambayo siku hizi ukiyatafuta unazunguka mpaka viatu vinakwisha soli.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Alinunua mashine kuukuu za gemu kwa matangazo ya mtandaoni, akazifufua, akawauzia wenye kumbi za gemu. Aliwahi kununua moja kwa mama aliyeifanya kabati la vyombo, na nyingine kwa jamaa aliyefugia kuku ndani yake. Jina alilopewa na wazazi wake wengi hawakulijua. Walimwita Fyuzi, na mkewe alisema si kwa sababu ya ufundi, ni kwa sababu akikasirika anakatika papo hapo na nyumba nzima inabaki giza.

Akapiga simu. Ikapokelewa na mwanamke mwenye sauti ya chini, ya adabu, kama ya karani wa maktaba. Akataja mtaa, akataja ghala, akakata kabla Fyuzi hajauliza bei.

Jioni hiyo alimpitia shemeji yake, kaka wa mkewe, mwenye pikapu na maneno mengi.

"Kwa nini saa kumi na mbili kamili?" shemeji aliuliza wakiwa njiani.

"Labda ndiyo anatoka kazini."

"Au labda mashine zenyewe zina haya, hazitaki kuonekana mchana."

Wakacheka. Walifika jua likiwa linaaga. Ulikuwa mtaa wa maghala, milango ya bati imefungwa, makufuli yameota kutu, karatasi zikipeperuka barabarani. Hakukuwa na mlinzi wala paka. Shemeji aliegesha pikapu na kuzima injini, na ukimya ukawaangukia kama blanketi lililolowa.

Mlango mmoja ulikuwa wazi. Mwanamke alikuwa amesimama pale.

Alikuwa mtu wa makamo, amejifunga aproni safi ya kijivu, miguuni ana ndala. Alimwangalia Fyuzi, kisha akaangalia pikapu.

"Umekuja na mtu."

"Ni shemeji yangu, mama. Ndiye dereva."

"Abaki. Yeye si mnunuzi."

Fyuzi akageuka amwonyeshe shemeji ishara ya kungoja. Shemeji alikuwa ameinamia simu yake, anatabasamu peke yake. Basi Fyuzi akaingia.

Kilichompokea kwanza ni harufu. Aliijua nusu yake: waya ulioungua, vumbi lililopata joto, ile harufu ya runinga ya chogo iliyowashwa kutwa. Lakini chini yake kulikuwa na nyingine, ya baridi. Udongo. Udongo mbichi uliochimbuliwa sasa hivi.

Walipita ujia mwembamba. Ndala za yule mama zilikuwa zinasema *fwata, fwata, fwata*. Kisha ujia ukafunguka.

Ukumbi ulikuwa mkubwa kuliko ghala lilivyoonekana kwa nje. Mashine zilisimama safu kwa safu, na mwanga wake wa buluu ulitetemeka darini. Na mbele ya kila mashine alisimama mtu.

Walikuwa wamewapa migongo. Wanaume, wanawake, wazee kwa vijana. Wote wanacheza. Hakuna aliyegeuka kuona nani ameingia.

Hakukuwa na muziki wala milio ya gemu. Vitufe tu.

Ta-ta... ta. Ta-ta... ta-ta-ta...

Kama mvua inayoanza kwenye bati, isiyokolea wala kuisha.

"Una wateja wengi, mama," Fyuzi alisema, akiona sauti yake imekuwa ndogo.

"Hawa si wateja." Alisema bila ukali. "Zunguka, fundi. Kagua mali."

Fyuzi alikuwa na utaratibu wake wa kukagua. Hakuanza na kioo, maana kioo kinadanganya. Alianza nyuma. Akaisogelea mashine ya karibu, akamwomba radhi mchezaji, msichana aliyevaa gauni jeupe. Hakujibiwa. Akainama nyuma ya kabati, akapapasa waya wa umeme, akaufuata kwa kidole mpaka mwisho.

Plagi ilikuwa imelala sakafuni.

Akafikiri ameshika waya usio wake. Akaenda mashine ya pili. Plagi, sakafuni. Ya tatu. Sakafuni, imefunikwa na vumbi kama kitu kisichowahi kuguswa. Akainua macho akatazama ukuta, kutoka kona mpaka kona.

Hapakuwa na soketi hata moja.

Mashine zote zilikuwa zinawaka.

Akasimama polepole. Miaka kumi na tisa ya kushika waya ilikuwa imemfundisha kitu kimoja: ukiona umeme usioujua unatoka wapi, ondoa mkono wako. Akajipapasa mifuko kama mtu aliyesahau kitu.

"Mama, naomba nikachukue testa yangu kwenye gari. Mara moja tu."

"Nenda," yule mama alisema.

Akaenda. Akarudi alikotokea, akakunja kulia ulipokuwa ujia. Hapakuwa na ujia. Kulikuwa na safu ya mashine na migongo ya watu. Akakunja kushoto, akapita safu ndefu, mwendo wa haraka usiofika kukimbia, maana alihisi akikimbia atakuwa amekubali kuwa kuna jambo. Safu ikaisha. Mwisho wake alisimama yule mama, mikono imekunjwa juu ya aproni. Kando yake kulikuwa na mashine moja isiyo na mtu.

Akageuka. Akachukua safu nyingine. Akahesabu hatua, thelathini na mbili. Mwishoni, mama. Na mashine isiyo na mtu.

Akajaribu kupenya katikati ya makabati mawili. Bega likapita, kifua kikakwama. Akasukuma. Kabati halikutikisika, kana kwamba limeota mizizi chini ya saruji. Akatoa simu. Kioo cha simu kilikuwa cheusi, na katika weusi ule aliona uso wake na, nyuma ya bega, aproni ya kijivu.

"Huwezi kununua kitu hujakijaribu, fundi," alisema yule mama. "Simama hapa. Bonyeza kidogo tu. Ukiona haikufai, utaondoka."

"Nimeshaiona, mama. Ni nzuri. Nitarudi kesho."

"Kesho nitakuwa nimeshaiuza."

Ajabu ni kwamba hakumshika wala kumfokea. Lakini miguu ya Fyuzi ilikuwa imeshaanza kwenda. Alijiona anasimama mbele ya mashine ile, mbao zake zikiwa zimefutwa vumbi, vitufe vyake vinang'aa kama vimelambwa. Kwenye kioo maneno mawili yalikuwa yanawaka na kuzima.

ANDIKA JINA.

Chini yake, tarakimu. Sitini. Hamsini na tisa.

Akaona mkono wake wa kulia unainuka.

"Taratibu..."

Ilikuwa sauti ya kunong'ona, kavu, kutoka mashine ya tatu upande wa kulia. Fyuzi akashtuka kama aliyepigwa shoti, mkono ukashuka.

Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyelitamka neno hilo hivyo, akilivuta katikati kama anayenyoosha waya. Mzee aliyemfundisha kazi. Mafundi wote walimwita Mzee Taratibu, kwa sababu hata karakana ikishika moto angesema hivyo hivyo. Akatazama. Mgongo uliopinda. Sikio la kushoto lenye kovu la duara, pale tone la risasi ya moto ya kuchomelea waya lilipomrukia zamani wakiwa wawili kazini.

Mzee huyo walimzika miaka miwili iliyopita. Fyuzi mwenyewe alishika kona ya jeneza. Bega lake lilikuwa bado linakumbuka uzito.

"Baba..." alinong'ona.

"Usinitaje." Midomo ya mzee haikuonekana kusogea. Vidole vyake vilikuwa vinabonyeza bila kituo, kucha zimelika, ngozi imekuwa ngumu kama kwato. "Na lako usilitaje. Usiliandike."

"Mlango uko wapi?"

"Wewe fundi gani unayeingilia mbele?"

Hamsini. Arobaini na tisa.

Yule mama alikuwa anakuja, hana haraka. *Fwata. Fwata.*

"Nyuma," mzee alisema. "Kila mashine ina mgongo. Hiyo bado haina mtu... mgongo wake bado unafunguka."

Kila alipoongea, kidole kimoja kilichelewa, na kila kilipochelewa mwili wake wote ulitetemeka, kama mtu aliyemwagiwa maji ya barafu. Fyuzi alizunguka nyuma ya mashine isiyo na mtu. Bisibisi ilikuwa mfukoni mwake, haikosekani mfukoni mwake hata akienda msibani. Mgongo wa kabati ulikuwa na skrubu nne.

Ya kwanza ilitoka vizuri.

Ya pili ilikuwa na kutu. Bisibisi ikateleza, ikamchana kiganja. Akauma meno, akaegemeza uzito wote, ikalia, ikatoka.

*Fwata. Fwata.*

"Fundi," yule mama aliita kwa upole. "Umeona kasoro gani huko nyuma?"

Ndala zake zilikuwa upande wa pili wa kabati. Fyuzi aliona kivuli cha aproni kinapinda kona. Ulimi wa bisibisi ulikuwa umeingia nusu tu kwenye skrubu ya tatu, na kwa haraka yake hakujua tena anafungua au anakaza.

Ndipo ukumbi wote ulipopungua sauti moja.

Mzee Taratibu alikuwa ameacha kubonyeza.

"Mama," mzee alisema, safari hii kwa sauti ya kusikika. "Yangu imekwama."

Kivuli kikasimama. Kioo cha mzee kilikuwa kimegeuka chekundu, na wekundu ule ulimpanda usoni. Alikuwa anatetemeka kuanzia magoti hadi kidevu, lakini mikono aliificha kwapani, kama mtu aliyekataa kula.

"Haijawahi kukwama," mama alisema.

"Leo imekwama. Njoo uone."

Ndala zikageuka.

Skrubu ya tatu ikatoka. Ya nne ilitoka kwa vidole. Ubao ukaanguka mikononi mwa Fyuzi, na ndani ya kabati hapakuwa na bodi, hapakuwa na transfoma, hapakuwa na waya hata mmoja. Kulikuwa na shimo, na shimo lilikuwa linapumua harufu ya udongo.

"Twende wote," alinong'ona.

Yule mama alikuwa nyuma ya mzee sasa, mkono wake umemshika shingo, kwa upole, kama mtu anavyomshika mtoto anayefundishwa kuandika. Mzee hakuweza kugeuza kichwa. Lakini alijibu.

"Mimi nilishaandika."

Fyuzi akaingia.

Ilikuwa kama kujisukuma ndani ya soksi iliyolowa. Mabega yalibanwa. Magoti yalibanwa. Udongo ulimwingia puani na mdomoni, na nyuzi nyembamba, ambazo alijilazimisha kuamini kuwa ni waya, zilimpapasa uso. Akaburuta tumbo. Nyuma yake sauti ya vitufe ilirudi kamili, hakuna iliyopungua. Akajua kuwa mzee ameanza tena kucheza. Akaburuta tumbo. Kifua kikagoma kupanuka. Akafikiri, basi, ni hapa...

"Shemeji."

Mikono ilikuwa imemshika mabega inamtikisa.

"Shemeji, we vipi? Shemeji."

Alikuwa amesimama nje. Paji la uso wake lilikuwa limeegemea ukuta wa matofali, ukuta mtupu, hauna mlango wala alama kwamba uliwahi kuwa na mlango. Mwanga wa jua haujaisha bado. Shemeji yake alikuwa amekodoa macho.

"Dakika kumi nzima umesimama hapa. Mwanzoni nilidhani unakojoa, nikakupa heshima yako. Kisha nakuita, huitiki. Unachezesha vidole tu hapo kiunoni."

"Mama mwenye aproni yuko wapi?"

"Mama gani?"

Fyuzi akafumbua kiganja. Kilikuwa kimechanika, kinavuja damu. Katikati ya damu zilikuwapo skrubu nne za zamani.

Shemeji alizitazama, akatazama ukuta, akamvuta Fyuzi mkono mpaka kwenye pikapu. Waliondoka. Njiani Fyuzi alifungua simu alitafute tangazo. Halikuwapo. Namba aliyopiga nayo haikuwapo kwenye orodha ya simu alizopiga.

Hakulala. Asubuhi alikwenda kwa mjane wa Mzee Taratibu.

Alikuwa fundi cherehani, mama mfupi mwenye tepu ya kupimia shingoni kama mkufu. Kwa miaka yote walifanya kazi chumba kimoja na mumewe, cherehani upande huu, mashine za gemu upande ule. Alimkaribisha Fyuzi kwa kumwita mwanangu, akamwekea chai, akarudi kukalia kiti chake. Fyuzi alimweleza yote, bila kupunguza. Alipokuwa anaeleza, alitazama chai, maana hakuweza kumtazama yeye.

Alipomaliza, mama alisogeza kitambaa kando ya cherehani.

"Hata yeye alikwenda kuangalia mashine," alisema. "Sikuwahi kukuambia. Alirudi mzima, akala, akasema mashine hazikumfaa. Usiku nikaona vidole vyake vinacheza juu ya shuka. Nikamuuliza, akasema ni uchovu. Siku ya tatu akafariki."

Fyuzi akaweka kikombe chini.

"Jana ulipomwona, alikuwa amechoka?" mama aliuliza.

Alitaka kusema hapana. Lakini mwanamke huyu alikuwa amemlisha miaka sita ya uanagenzi bila kumhesabia tonge.

"Ndiyo, mama. Amechoka."

Mama akaitikia kwa kichwa kama mtu anayethibitisha kipimo. Akavua tepu shingoni.

"Nipeleke."

"Hakuna kitu pale, mama. Ni ukuta."

"Nimekusikia. Nipeleke kwenye ukuta."

Walikwenda saa sita mchana, jua la utosini, shemeji akiendesha bila mzaha hata mmoja. Mtaa ulikuwa vilevile. Lori lilipita, dereva akawapungia mkono. Kulikuwa na kila dalili kwamba dunia iko sawa. Fyuzi aliwaonyesha ukuta, na alama ndogo iliyoachwa na jasho pale paji lake lilipokuwa limeegemea.

Mama alivua kilemba, akaweka sikio kwenye matofali.

Alikaa hivyo muda mrefu. Shemeji aliangalia saa, kisha akaona aibu, akaificha chini ya mkono wa shati. Fyuzi alisogea naye akaweka sikio. Hakusikia kitu isipokuwa mapigo ya damu yake mwenyewe.

"Wako wengi," mama alisema hatimaye, macho amefumba.

"Unasikia nini, mama?"

"Vitufe." Alinyoosha kidole akakigusa tofali moja, kwa upole, kama anayegusa shavu. "Huyu wa tatu ndiye. Namjua anavyobonyeza. Viwili vya haraka, anapumzika, kimoja. Miaka thelathini nilikuwa nashona kwa mwendo huo."

Machozi yalimtiririka lakini sauti haikutetemeka. Aliendelea kusikiliza. Kisha uso wake ukabadilika kidogo, kama mtu aliyekuwa anahesabu watu mezani akakuta kiti kimezidi.

"Karibu yake kuna mmoja kimya," alisema. "Mashine inawaka, haina mtu. Imesimama tu..."

Alifumbua macho, akageuka. Hakumtazama Fyuzi usoni. Alitazama mikono yake. Kisha akaishika yote miwili, akaikumbatia kifuani kwake, akaibana kwa nguvu ambazo Fyuzi hakujua mama huyu anazo.

"Leo ni siku ya pili," alisema. "Twende nyumbani kwangu. Nitakaa nimeishika hivi."